Sanduku la Mfalme Yoashi na Kufuli Tatu za VICOBA

Tafakari ya juma
Somo: 2 Wafalme, sura ya 12
Somo la kusindikiza: 2 Wakorintho, sura ya 8



Ndugu zangu wapendwa, juma hili nawaalika tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Ni sura isiyohubiriwa mara nyingi. Haina muujiza wala malaika. Inahusu jengo bovu, michango ya waumini na hesabu za fedha, mambo ambayo wengi wetu tunayaachia kamati na kuendelea na sala zetu. Lakini Roho Mtakatifu hakuona aibu kuyaweka ndani ya Biblia, nasi tusione aibu kuyatafakari.

Yoashi alitawazwa kuwa mfalme Yerusalemu akiwa mtoto wa miaka saba, akalelewa na kufundishwa na kuhani Yehoyada. Alipokua aliona Hekalu lina nyufa. Akaagiza makuhani wapokee fedha za waumini, kila mmoja kutoka kwa watu anaowafahamu, wazitumie kukarabati nyumba ya Bwana. Agizo lilikuwa jema na makuhani walikuwa watu wa Mungu. Hata hivyo, ulipofika mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa palepale.

Tazameni jambo moja hapa. Maandiko hayamtaji mwizi. Hayasemi kuhani fulani alijenga nyumba kwa fedha za Hekalu au alinunua ng'ombe. Yanasema tu kwamba fedha ziliingia na kazi haikufanyika. Ndivyo mambo yanavyokwenda mahali ambapo kila mtu anapokea, hakuna anayeandika, na wote wanaaminiana. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfalme alifanya nini? Aliwaita Yehoyada na makuhani wenzake, akawauliza kwa nini nyumba haijatengenezwa. Hakumfukuza mtu, hakumweka mtu ndani. Alibadili utaratibu. Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kuume mtu anapoingia, mahali ambapo kila macho yanapita. Likijaa fedha, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakahesabu pamoja, wakafunga fedha katika mifuko. Kisha walizikabidhi kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe, wakanunua mbao na mawe. Na kwa kuwa mwandishi wa kitabu hiki alikuwa mtu makini, ametuandikia hata kile ambacho fedha hizo hazikununua: vyombo vya fedha na dhahabu vya Hekalu havikutengenezwa kwa mchango wa ukarabati. Fedha ya nyufa ilikwenda kwenye nyufa.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye ujumbe wa juma hili. Utaratibu mzuri wa kusimamia mali ya wengi ni tendo la upendo. Watu wawili wanapohesabu pamoja, kila mmoja anamlinda mwenzake: anamlinda na kishawishi, na anamlinda na ulimi wa watu. Anayehesabu peke yake, hata akiwa mtakatifu, hana shahidi siku atakaposingiziwa.

Nasema haya kwa sababu mkoa wetu wa Katavi, tangu ulipozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, umekuwa na kazi nyingi za kijamii zinazoendeshwa na vikundi, vyama na mashirika yasiyo ya kiserikali. Shida zenyewe zipo na ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika Katavi wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Basi watu wenye moyo wanakusanyika, wanaandika katiba, wanasajili shirika ili kuwasaidia mabinti, yatima, wazee, wakulima, wafugaji wa nyuki. Ni jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini tunajua pia safari za mashirika mengi zinavyokwenda. Shirika linaanza kwa bidii ya mtu mmoja. Mwanzilishi ndiye mwenyekiti, ndiye mkurugenzi, na ofisi iko sebuleni kwake. Bodi ni majina: shemeji, rafiki wa shule, mzee mmoja wa mtaa aliyeombwa picha za pasipoti na nakala ya kitambulisho, tangu siku hiyo hajaitwa kikaoni. Mradi wa kwanza unapita salama kwa sababu fedha ni kidogo. Wa pili unakuja na fedha nyingi, na hapo inaanza hadithi: hundi zimesainiwa tupu mapema kwa sababu mweka saini wa pili anasafiri, karatasi za mahudhurio zinajazwa baada ya semina, fedha za vitabu zimelipia kodi ya ofisi kwa ahadi ya kurudishwa. Mfadhili anatuma mkaguzi. Mwaka unaofuata kibao cha shirika bado kipo barabarani, lakini mlango umefungwa.

Mara nyingi hapakuwa na mwizi hata hapo. Palikuwa na watu wema wasio na sanduku.

Sasa, tusiseme kwamba utaratibu ni elimu ya mjini ambayo watu wetu hawaiwezi. Nendeni mtaa wowote wa Mpanda siku ya kikundi, au Katumba, au Inyonga, mkawaangalie kina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Katikati ya duara kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu tofauti, na yule anayelitunza sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Hakuna kinachofunguliwa mpaka wote watatu wamefika. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, noti baada ya noti, mbele ya wote. Mwanachama akinunua hisa, kitabu chake kinagongwa muhuri hapo hapo, akikiangalia. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, unakaa katika kifuko chake na hauchanganywi na wa mikopo. Kabla ya kufunga, salio linatajwa na wanachama wanaambiwa walishike kichwani. Kikao kijacho, kabla ya kufungua, wataulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Na bibi asiyejua kusoma wala kuandika atajibu bila kukosea.

Huyo bibi amefanya kwa sanduku la kikundi kile alichofanya Yehoyada kando ya madhabahu. Amehakikisha fedha inaonekana, inahesabiwa na zaidi ya mmoja, na inakwenda kwenye kazi yake. Swali langu ni hili: kwa nini mtu yuleyule asiyekubali kufuli moja kwenye kikundi chake cha elfu tano tano, akiteuliwa mjumbe wa bodi ya shirika lenye milioni mia mbili anakuwa mpole, anakunywa soda, anasaini muhtasari ambao hakuusoma na kurudi nyumbani na posho? Je, fedha ya mfadhili haina mwenyewe? Ina mwenyewe. Mwenyewe ni yule mtoto aliyeandikwa kwenye andiko la mradi ili fedha ipatikane.

Sheria ya nchi nayo inatudai hivyo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2019, inalitaka shirika litoe taarifa ya kazi kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na cheti cha usajili kina muda wake wa miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Msajili ana wasaidizi mpaka ngazi ya wilaya, ambao ni maofisa maendeleo ya jamii wetu. Wapo wanaolalamika kwamba ni mzigo, na kwa vikundi vidogo mzigo huo ni wa kweli. Gharama ya mkaguzi wa hesabu si ndogo. Lakini shirika linaloandika kitabu chake cha fedha kila siku halilali macho mwisho wa mwaka kutafuta risiti za miezi saba iliyopita.

Na sisi wa Kanisa tusijione tuko nje. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 537, inaagiza kila parokia iwe na baraza la fedha, ambamo waamini wanamsaidia paroko kusimamia mali. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali wawape waamini hesabu ya vile walivyomtolea Mungu. Kwa hiyo muumini anayesimama kwenye mkutano wa kigango na kuuliza michango ya bati imefikia wapi, asiitwe mkorofi wala mpinga padre. Ameuliza swali ambalo Yoashi aliwauliza makuhani, na Biblia inampa mfalme huyo sifa kwa kuuliza.

Mtume Paulo alikuwa makini kwenye jambo hilohilo. Alipokusanya michango ya makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuibeba peke yake, ingawa alikuwa mtume. Katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba anamtuma Tito pamoja na ndugu mwingine ambaye makanisa yenyewe yamemchagua asafiri na mchango huo. Sababu anaitaja wazi: hataki mtu apate la kulaumu, na anajali kutenda haki mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Wengi wetu tunapenda nusu ya kwanza, Mungu anajua moyo wangu. Paulo anasema na watu nao wanastahili kujua.

Mtu atauliza: lakini sura hiyohiyo ya Wafalme inasema wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Kumbe risiti si lazima? Ndugu yangu, soma kwa mpangilio wake. Uaminifu huo unatajwa baada ya sanduku, baada ya watu wawili kuhesabu, baada ya mifuko kufungwa, na huku kuta zikionekana zinapanda. Mafundi walilipwa na kila aliyepita Hekaluni aliona nyufa zinazibwa. Hiyo nayo ni taarifa. Uaminifu ulikua ndani ya utaratibu. Miaka ya nyuma, imani peke yake bila utaratibu iliziacha nyufa palepale.

Tuje sasa kwenye ushirikiano, maana shirika haliishi peke yake. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likawa limefungwa kama taasisi inayojitegemea. Kwa saini moja iliyotiwa Washington, miradi ilisimama katika nchi nyingi, na kwetu Tanzania pia wapo waliofika kazini asubuhi wakaambiwa warudi nyumbani. Wahenga walishatuonya kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini. Hata hivyo, siungi mkono wanaosema basi tusiwe na wabia kabisa. Historia ya Katavi inatufundisha jambo lenye hekima zaidi: mbia wa kweli anaweza kuondoka na kazi ikabaki, ikiwa tangu mwanzo wenyeji walikuwa na kiti mezani.

Anzeni na Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Miaka michache baadaye alifika pale kijana mmoja, Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari hao, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Hakuwa padre. Alikuwa katekista na daktari. Alioa binti wa huku, akajifunza maisha ya watu, akawatibu karibu miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mapadre walikuja na kuhamishwa, maaskofu wakabadilika, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja. Atiman alikuwepo. Kardinali Lavigerie na shirika lake hilo la White Fathers waliweka fedha katika elimu ya mtu atakayebaki, na ndiyo maana kazi ile ilidumu. Leo mfadhili akikuuliza unahitaji nini, kabla ya kutaja gari fikiria mhasibu kijana wa hapahapa Mpanda anayehitaji ada ya mitihani ya bodi.

Pandeni sasa milima ya Mwese. Mwaka 1964 wakimbizi wa Rwanda walipewa makazi huko, na kwa ajili ya kazi hiyo likaanza shirika la Tanganyika Christian Refugee Service, TCRS, chini ya Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu. Kulikuwa na mkataba wa pande tatu: Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na TCRS. Serikali ilitoa ardhi, Umoja wa Mataifa ukatafuta fedha, TCRS ikatekeleza. Kila mmoja alijua kazi yake na mipaka yake. Utaratibu huohuo ukatumika kwa ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakakaa Katumba na baadaye Mishamo. Na kwenye mpango wenyewe, siku ya kuondoka ilikuwa imeandikwa. Mishamo ilianzishwa mwaka 1978, na mwaka 1985 ikakabidhiwa kwa Serikali, watu wakiwa wanalima na kujilisha. Mwaka 2014, wakimbizi hao wa 1972 zaidi ya 160,000, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania. TCRS yenyewe ikaja kuwa shirika la Kitanzania. Hatusemi kila kitu kilikwenda vizuri baada ya makabidhiano. Tunasema walikaa mezani wakajiuliza mapema: siku tukiondoka, nani atashika?

Linganisheni na jambo jingine tunalolijua. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi. Karibu na Uhuru machimbo yale yakafungwa, kampuni ikaondoka. Treni tunaipanda mpaka leo na tunashukuru. Lakini hakuna aliyewauliza wenyeji wa Mpanda machimbo yafunguliwe vipi au yafungwe lini. Huyo alikuwa mwekezaji, alikuja kwa hesabu zake na kuondoka kwa hesabu zake. Baadhi ya wafadhili wetu wa leo ni wa namna hiyo, na tatizo si lao peke yao. Ni letu tunaosaini hati ya makubaliano ya kurasa 30 kwa Kiingereza bila kuuliza ukurasa wa mwisho unasema nini kuhusu kufungwa kwa mradi.

Na Mwese hiyohiyo inatupa mfano wa siku zetu. Vijiji nane vya Wilaya ya Tanganyika, Mwese ikiwemo, vimehifadhi misitu ya Ntakata na kuuza hewa ukaa kwa ubia na kampuni ya Carbon Tanzania. Jambo la kujifunza liko kwenye mkataba: uko na serikali za vijiji, juu ya ardhi ya vijiji yenye mpango wa matumizi, na fedha inayoingia kijijini inapangiwa kazi na wanakijiji kwenye mkutano wao mkuu. Wamejenga madarasa na zahanati, wamewalipa walinzi wa msitu, wamezilipia kaya bima ya afya ya jamii. Palipo na fedha nyingi hapakosi maneno, na kadiri fedha inavyokua ndivyo maswali yanavyopaswa kuongezeka: zabuni ya darasa alipewa nani, fundi amelipwa kiasi gani, mjumbe gani ana undugu na mwenye tofali. Mkutano mkuu wa kijiji unaosomewa mapato na matumizi ndio sanduku lao. Usipoitishwa, msitu utakuwepo na nyufa zitarudi.

Hebu turudi kwa Yoashi, maana habari yake haiishii kwenye sanduku. Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 24, kinasimulia kwamba Yehoyada alifariki akiwa mzee wa miaka 130. Baada ya mazishi wakuu wa Yuda walimwendea mfalme wakamsujudia, naye akawasikiliza. Akaliacha Hekalu alilolikarabati. Zekaria, mwana wa Yehoyada, aliposimama kumwonya, mfalme akaamuru apigwe mawe, palepale uani mwa nyumba ya Bwana. Mwisho wa yote, watumishi wake mwenyewe walimuua Yoashi kitandani.

Inasikitisha, na ndiyo sehemu ambayo waanzilishi wa mashirika wanapaswa kuisoma mara mbili. Unyofu wote wa Yoashi ulikuwa umeegemea mtu mmoja. Yehoyada alipokuwapo, mambo yalinyooka. Alipoondoka, hapakuwa na baraza lenye nguvu ya kumwambia mfalme hapana, na sauti moja iliyothubutu ilinyamazishwa kwa mawe. Mashirika mangapi yamekufa miezi sita baada ya mazishi ya mwanzilishi? Nywila ya akaunti alikuwa nayo yeye, uhusiano na mfadhili ulikuwa kwenye simu yake, hati ya kiwanja ilikuwa kwa jina lake, na watoto wake wakaanza kugombana na wanachama juu ya gari.

Kwa hiyo ukomo wa uongozi ulioandikwa kwenye katiba usichezewe. Mwenyekiti wa miaka kumi na mitano anayesema hakuna mwingine anayeweza, ajiulize amefanya nini miaka yote hiyo kumwandaa huyo mwingine. Musa alimwekea Yoshua mikono mbele ya mkutano wote, angali hai, watu wakashuhudia. Na yule mjumbe anayeuliza maswali magumu kikaoni, msimpige mawe. Msimwondoe kwenye kundi la WhatsApp la bodi. Shirika likimpoteza huyo, limempoteza Zekaria wake.

Najua wapo kati yetu waliovunjika moyo. Umechangia, umejitolea, umeona fedha za wagonjwa zikiishia mifukoni, ukasema sitaki tena kusikia habari za vikundi wala mashirika. Nakuelewa. Lakini ukijitoa, unawaachia nafasi wale wanaopenda usiwepo. Rudi, chukua ufunguo mmoja.

Kwa ajili ya mazungumzo katika jumuiya ndogo ndogo juma hili, nawapa maswali manne. Kwanza, katika kikundi, kigango au shirika letu, nani anahesabu fedha, na anahesabu na nani? Pili, mara ya mwisho wanachama wote kusomewa mapato na matumizi ilikuwa lini? Tatu, mfadhili wetu mkubwa akiondoka mwezi ujao, ni kazi gani itaendelea kwa nguvu zetu wenyewe? Nne, nani anaandaliwa kuongoza baada ya hawa waliopo, na yeye mwenyewe anajua kwamba anaandaliwa?

Msiyajibu kwa kulaumu mtu. Yajibuni kwa daftari mezani. Na wewe uliye mjumbe wa bodi au kamati yoyote, iwe ya shule, zahanati, SACCOS, chama cha ufugaji nyuki au kituo cha yatima, nakuomba jambo moja kabla ya Dominika ijayo: omba kuona taarifa ya benki ya miezi mitatu iliyopita, uisome mpaka mwisho. Ukikuta mambo safi, mpongeze mhasibu wako mbele ya watu, maana ni wachache wanaompongeza. Usipoelewa, uliza. Ukiambiwa usiulize, hapo ndipo kazi yako ya ujumbe inapoanza.